Nilimjengea nyoka wangu wa kwanza nyumba kama shamba la ngolo, nusura nimuue

Wakuu wa jukwaa, salamu nyingi. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Nimeona uzi wa kijana mmoja anauliza vipimo vya kasha kwa ajili ya nyoka wake wa kwanza. Wengine mmemjibu kwa maombi, wengine kwa matusi, kila mtu kwa alichojaliwa. Mimi nikaanza kuandika comment, ikarefuka, nikaona nisimjazie kijana uzi wake. Nimefungua wangu.

Haya yalinipata mwenyewe. Pale ninapokumbuka nitasema, na pale nisipokumbuka nitakiri. Sina cha kuuza hapa.

Na kabla hamjaanza wimbo wenu wa "weka picha": ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kijijini upande wa Kigonsera, wilaya ya Mbinga. Kamera tuliyoijua ilikuwa ya misheni, na ilipiga ubatizo na ndoa. Nyoka wangu hakubatizwa.

Mniite Imelda. Ni mwanamke, ndiyo, na nyoka alikuwa wangu. Tuendelee.

Mama yangu alifariki mwezi wa tatu mwaka ule, mvua zikiwa bado nzito. Alikuwa Mmatengo wa Ukata, mkulima haswa, mtu wa kuamka na jembe. Baba alikuwa Mngoni, katekista, aliyehamia kwetu akiwa kijana na kuoa hukohuko. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Kaka zangu walikuwa mbali na maisha yao. Tukabaki wawili, baba na mimi, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokuwa imekaa ubavuni mwa mlima, kahawa juu yake na kahawa chini yake.

Asikwambie mtu, nyumba ikiondokewa na mama inabadilika hata sauti. Ukiweka sufuria chini unasikia imewekwa.

Nakumbuka miezi ile kama mtu anavyokumbuka alichokiona akiwa na homa. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni, unaingia kwa mlango wa mbele, unatokea wa nyuma. Napika, tunakula, naosha vyombo. Baba alikuwa anakunywa chai bila kugundua kwamba nimesahau sukari. Alikuwa anatoka kwenda kusalisha jumuiya shati limefungwa vifungo kombo. Nikawa namwangalia kwa kujiiba, nahesabu matonge anayokula. Niliogopa sana kwamba na yeye anaondoka taratibu, na kwamba itakuwa juu yangu.

Sasa kidogo kuhusu wakati wenyewe, maana bila huo nyoka hangekuja.

Ndiyo miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda vijijini na pickup zao na vipaza sauti. Zamani kahawa ilikuwa inakwenda chama cha ushirika, umepeleka umepeleka, unasubiri. Sasa kila siku mtu mpya anapita na bei mpya, na watu wakajifunza kuringa. Wakawa wanaweka kahawa ndani, wanasema wanamsubiri wa wiki ijayo. Stoo za nyumbani zikajaa magunia ya kahawa na mahindi kwa pamoja. Panya nao wakapata neema ambayo hawakuwahi kuiombea.

Kwenye panya, nyoka.

Mwezi wa sita mwanzoni niliingia stoo kuchukua mahindi ya kupeleka mashineni. Mwanga ulikuwa unaingia kwa tundu moja tu juu ya ukuta, na vumbi la maganda ya kahawa lilikuwa linaelea ndani yake polepole. Chini ya ule mwanga, juu ya gunia, alikuwa amejikunja nyoka wa rangi ya kahawia kama mbegu ya mparachichi. Urefu wake labda mkono wangu mzima na nusu. Kichwani alikuwa na mistari miwili ya rangi ya maziwa, inapita juu ya jicho kurudi nyuma.

Sikupiga kelele. Tulitazamana. Nilihisi utulivu ambao sikuwa nimeuhisi tangu mwezi wa tatu, sijui niueleze vipi, kama mtu aliyeamka ndani ya maji na akakuta anaweza kupumua.

Kisha nikakimbia kumwita baba.

Baba alikuja na rungu. Akasimama mlangoni, akamwangalia nyoka, akaniangalia mimi, akamwangalia tena nyoka. Akateremsha rungu. Akasema, "Huyu mwacheni."

Wakuu, hapo lazima mjue kitu kimoja. Bibi mzaa baba, ambaye nilimkuta kidogo tu akiwa mzee sana, alikuwa na desturi za Kingoni. Nyoka wa aina ile asiye na sumu akiingia ndani ya nyumba hapigwi. Bibi alikuwa anamwekea unga kidogo pembeni na kumsemesha kwa heshima, maana huenda ni mtu wa ukoo amerudi kuangalia wanaendeleaje. Baba alikuwa katekista, asingeweza kutamka jambo kama hilo hata kwa kulazimishwa. Lakini nilimwona anavyoteremsha lile rungu. Nikajua moja kwa moja anachofikiri.

Alifikiri ni mama.

Hapo ndipo mzigo ulipopanda kichwani kwangu. Nikasema, sawa, nyoka huyu hafi. Kama akifa mbele ya baba, atakuwa amemzika mke wake mara mbili katika mwaka mmoja, na mara ya pili hatainuka.

Tatizo likaja kwa miguu kutoka Ukata. Mama mkubwa, dada yake marehemu mama, alifika wiki ileile kukaa nasi siku chache. Alipoingia stoo alitoka kinyumenyume. Akaniambia watu wameshaanza kusema kwamba wanaohifadhi kahawa ndani wana dawa za utajiri, na kwamba nyumba ya katekista ikisikika inafuga nyoka, itasemwa nyoka huyo anawatapikia noti. Akasema akimwona tena atamwagia maji ya moto, na aliyeapa ni mama mkubwa, mtu ambaye hakuwahi kuapa akaacha.

Nikaenda kwa baba, nikamwambia nataka nimjengee nyumba, nimfungie, asiguse mtu na asiguswe. Nilitegemea maswali. Baba aliitikia kwa kichwa, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kasha kubwa la mbao na kipande cha wavu wa chuma uliobaki kwenye meza ya kuanikia kahawa. Akaniwekea misumari kwenye kikombe.

Kumkamata haikuwa kazi kubwa. Asubuhi ya baridi nyoka ni mvivu kuliko mwanafunzi. Nilimsukuma kwa ufagio taratibu mpaka ndani ya kikapu, nikafunika kwa kanga.

Sasa kijana uliyeuliza, sogea hapa karibu. Hii sehemu ni yako.

Mimi nilikuwa sijui chochote kuhusu nyoka. Nilichojua ni kulima, na kulima kwenyewe nilifundishwa na mama. Sisi Mbinga tunalima ngolo: kwenye mteremko wa mlima unafyeka majani, unayalaza kwa mistari inayokatana, halafu unafukia kwa udongo unaouchimba katikati. Kinachobaki ni vishimo vya mraba, safu kwa safu, na matuta yenye majani yanayooza ndani. Mvua ikija haiporomoshi udongo, inatulia vishimoni. Shamba linakaa na unyevu hata jua likiwa kali. Mama alikuwa fundi wa kazi hiyo. Akishika jembe unaona mlima unajipanga.

Basi nikamjengea nyoka ngolo.

Msicheke. Nilijaza kasha udongo mweusi wa shambani, nikalaza majani mistari kwa mistari, nikafukia, nikachimba vishimo sita vidogo kwa mwiko. Nikamwagia maji mpaka udongo ukashika. Juu nikafunika kwa ule wavu. Nikaliweka kasha nyuma ya stoo, kwenye kivuli, upande usiopigwa na jua hata mara moja kwa siku, ili asikauke. Kila asubuhi nilikuwa nanyunyizia maji kama naotesha miche ya kahawa.

Nilikuwa najisikia fahari, niseme ukweli. Nilijua mama angeikagua na kusema imenyooka.

Siku za mwanzo zilikuwa kama ndoto nzuri. Nilikuwa naketi kwenye kigoda mbele ya kasha, ukungu umejaa, sioni hata mgomba wa jirani, nipo mimi na yeye tu. Ulimi wake unatoka na kurudi bila sauti. Nilimpa panya mdogo niliyemnasa stoo, akameza. Niliongea naye. Mambo niliyomwambia sitayaandika hapa, lakini kwa wiki mbili nilikuwa na mtu wa kuongea naye, na kama wewe umewahi kumpoteza mama unaelewa.

Baba naye alikuwa anakuja. Kila asubuhi kabla hajashuka shambani alipita nyuma ya stoo, anasimama hatua tano kutoka kwenye kasha, kofia mkononi, ametulia kama mtu aliye mbele ya tabernakulo. Halafu ananiuliza, "Amekula?" Nikisema amekula, anaitikia kwa kichwa na kuondoka. Mimi nikabaki nimeumia na kufurahi kwa wakati mmoja.

Halafu akaacha kula.

Mwezi wa saba Mbinga ni baridi, wale wa pwani mnaosema mnajua baridi hamjui. Nikampa panya, akamwacha mpaka nikamtoa. Wiki ya pili hivyohivyo. Nikamgeuza kwa kijiti nikaona tumboni magamba yamevimba vimalengelenge, vingine vimepasuka. Akipumua kulikuwa na mapovu madogo pembeni ya mdomo. Akawa anainua kichwa juu, anakiacha hapohapo muda mrefu, kama anayetafuta hewa dirishani.

Nikaongeza maji. Nilidhani ana kiu.

Baba akiuliza, "Amekula?" nikaanza kumdanganya. Nikasema amekula. Sijawahi kumdanganya baba kabla ya hapo, na kila nilipofanya hivyo nilikuwa naingia jikoni kukaa chini kwanza. Nilimwona kwenye mawazo yangu akiletewa habari. Nilimwona akirudi kitandani na asitoke.

Aliyetuokoa alikuwa muuza usipa.

Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa, kwa wasiowajua. Mama mmoja wa Lipingo, kando ya ziwa hilo, Mama Esta, alikuwa anapanda kwetu kila baada ya wiki kadhaa na magunia yake juu ya lori, anabadilisha usipa kwa maharage na mahindi. Alikuwa anafikia kwetu kwa sababu yeye na mama walizoeana tangu zamani. Mwanamke mnene, mcheshi, Mnyasa kamili, akicheka anajishika ubavu.

Alipita nyuma ya stoo kwenda msalani, akaliona kasha. Sikuwa na nguvu ya kuficha, nikamweleza kwamba ni nyoka, ni mgonjwa, na asimwambie baba. Sikumwambia kuhusu mama. Alichutama, akachungulia kwenye wavu. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, huyu umemfuga au umempanda?"

Nikaanza kulia. Yeye hakunibembeleza. Aliingiza mkono, akabana udongo, maji yakatoka katikati ya vidole.

Akaniambia kule ziwani nyoka hawa wamejaa, wanakaa chini ya mawe wanayoanikia samaki na ndani ya makuti, na hakuna mtu anayewashangaa. Akasema usipa akilala kwenye unyevu siku moja tu anaoza tumbo, na huyu ni mwili uleule wa magamba. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau. "Aliingia kwenu kutafuta joto. Wewe ukamtoa, ukamrudisha kwenye baridi."

Nilimtoa kwenye kasha saa ileile. Mama Esta akanielekeza nimweke kwenye kikapu kikavu chenye mchanga mkavu kidogo na matambara, karibu na ukuta wa jiko, nisimlishe, nisimguse. Halafu akaniambia lori linashuka kesho, niende naye Lipingo nikaone kwa macho wanavyokaa, na nichukue mchanga na mawe ya huko.

Nilimweleza baba kwamba nyoka ni mgonjwa, nikamwomba ruhusa nikitegemea anikatalie. Alikubali haraka mno, kama mtu aliyekuwa amelisubiri hilo ombi. Akasema atamwangalia nyoka mwenyewe. Mama mkubwa alikuwa amesharudi Ukata, kwa hiyo la maji ya moto halikunisumbua.

Wakuu, safari ile sijui niiandike vipi.

Tuliondoka tukiwa tumejifunika mablanketi juu ya magunia. Lori likawa linashuka, linashuka, kona baada ya kona, na kila kona tunavua kitu. Kwanza blanketi, kisha sweta, kisha kitambaa cha kichwa. Miti ikabadilika. Hewa ikawa na harufu ya majani makavu na samaki kwa mbali. Kisha milima ikafunguka na ziwa likawa pale chini, limejaa upande mzima, halina mwisho, na rangi yake na rangi ya mbingu zimeshikana hata huoni mshono. Nilikuwa nimeliona ziwa nikiwa mdogo, lakini siku ile niliona kama ni mara ya kwanza mtu yeyote kuliona.

Nilikaa kwa Mama Esta siku tatu. Alinikalisha kwenye mwamba mkubwa kando ya vichanja vya usipa, akaniambia niangalie tu, nisifanye kazi. Samaki wadogo maelfu wametandazwa kwenye vichanja, wanameta, wanawake wanawageuza kwa mikono huku wanaimba kwa Kinyasa. Upepo unapita chini ya vichanja na juu yake. Mawe yalikuwa na joto ambalo linaingia mwilini kupitia mapajani, taratibu, mpaka kwenye mgongo.

Na nyoka wakatokea, kama alivyosema. Wa aina ileile, mistari ileile kichwani. Mmoja alikuwa na makazi chini ya jiwe bapa. Asubuhi anatoka nusu, mkia kivulini, kichwa juani. Jua likizidi anajivuta ndani. Jioni anasogea jiwe la pili, lililobaki na joto. Siku nzima alikuwa anachagua. Nikaelewa ghafla kwamba mimi sikumwachia wangu chochote cha kuchagua. Nilimpa sehemu moja tu, yenye hali moja tu, na nikaita hiyo huduma.

Siku ya pili pale kwenye mwamba nililala usingizi mchana, usingizi mzito usio na ndoto. Nilipoamka nilikuta Mama Esta amenifunika kanga usoni nisiungue. Nikala sahani mbili za ugali na samaki mbasa wa kuchoma. Nikashangaa mwenyewe jinsi nilivyokuwa na njaa.

Nilirudi na mchanga madebe mawili na mawe bapa manne. Utingo wa lori alinitania kwamba naenda kujenga Lipingo yangu Kigonsera.

Nyoka alikuwa hai. Baba alikuwa amemhamisha kikapu karibu zaidi na jiko na kuweka kigoda chake pale pembeni. Mapovu mdomoni yalikuwa yamepungua.

Tulijenga upya, safari hii wawili. Kasha tukalimwaga udongo wote, tukalisugua, tukalianika juani siku mbili. Tukaliinua kwa miguu minne kama kichanja. Nusu ya sakafu tukatoboa na kuweka wavu ili hewa ipite chini, nusu tukaacha mbao. Mchanga mkavu juu. Kasha likaegemezwa kwenye ukuta wa jiko, upande mmoja ukawa unapata joto la moto wa ndani mchana kutwa, upande wa pili ukabaki wa baridi. Jiwe bapa upande wa joto, jiwe bapa upande wa baridi, na chini ya kila jiwe nafasi ya kujificha, maana nyoka asiye na pa kujificha hali. Bakuli dogo la maji, zito lisipinduke, upande wa baridi. Maji bakulini tu, si penginepo.

Mfuniko ndio ulitusumbua. Nyoka anapita penye upana wa kidole chako. Baba alikata na kurudia mara tatu, akaweka bawaba za mlango wa zamani na komeo la chuma. Mara ya pili alijigonga kidole, akatoa neno la Kingoni ambalo katekista hatakiwi kulijua. Nikacheka. Yeye pia akacheka. Akasema mama yangu alikuwa anamwambia nyundo si kazi yake, aachie watu wenye macho. Ndiyo mara ya kwanza alimtaja tangu mazishi. Tukaendelea kumtaja mpaka kazi ikaisha.

Vimalengelenge vilikauka mwezi wa nane. Mwishoni mwa mwezi alikula. Mwezi wa tisa macho yake yakawa na ukungu wa bluu, nikadhani anapofuka, kumbe anajivua. Asubuhi moja nikakuta ngozi nzima juu ya jiwe, kipande kimoja, mpaka vifuniko vya macho. Niliishika juani na mwanga ukapita ndani yake. Nyoka mwenyewe alikuwa anang'aa rangi zote ukimgeuza, kama mafuta ya taa juu ya maji.

Nilimkimbilia baba kumwonyesha. Akafurahi sana. Kisha akasema, "Sasa amepona. Joto limerudi. Tumfungulie."

Nilikuwa nimelitegemea hilo, na nilikuwa nimeliogopa. Nikamuuliza kama ana uhakika. Nikamwambia najua ni vigumu kwake. Nikajikaza, nikasema kile ambacho hatukuwahi kukisema, kwamba najua kwa nini aliteremsha rungu siku ile, kwamba najua alikuwa anamwona nani ndani ya lile kasha, na mimi sitamwambia paroko.

Baba alinitazama. Nikaona anajaribu kuelewa. Kisha akaelewa.

"Mama yako?" akasema. "Imelda, mama yako hakuogopa kitu duniani isipokuwa nyoka. Akikuta kamba njiani anazunguka kwa shamba la mtu. Angerudi kwangu hivi?"

Nikamuuliza kwa nini basi alimwacha.

"Tangu tumzike ulikuwa unaitika tu. Ukiulizwa unasema ndiyo, ukiitwa unasema abee. Miezi mitatu. Nilikuwa nahesabu matonge yako. Siku ile ulikuja mbio ukasema, baba, njoo uone. Nikasema moyoni, kama kinachomrudisha mwanangu ni nyoka, basi na akae."

Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga uliomwagika. Miezi yote hiyo nilikuwa nadhani mimi ndiye niliyemshikilia yeye.

Baba akachutama mbele yangu, kofia mkononi. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeungama, "Na mimi namwogopa sana. Kila asubuhi nilipokuwa nasimama pale, magoti yalikuwa yanagongana."

Tulicheka mpaka tukalia, au tulilia mpaka tukacheka, hapo ndipo sikumbuki vizuri. Nilikuwa nimeshika shati lake, na lilikuwa limefungwa vizuri.

Mfuniko tuliufungua siku hiyohiyo, na yeye akawa hana haraka. Alikaa siku mbili juu ya jiwe lake, mlango uko wazi. Siku ya tatu nilipotoka asubuhi mchanga ulikuwa na mstari mmoja laini unaoelekea stoo. Magunia yalikuwa bado yapo, na panya walikuwa bado wapo, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi naye. Mwezi uliofuata nikaenda chuo.

Sasa kijana, nimejibu swali lako kwa kuzunguka, lakini nimelijibu. Kwanza kaulize watu wa wanyamapori kama unaruhusiwa, siku hizi si kama enzi zetu. Kisha usimjengee nyoka nyumba unayoijua wewe. Kajue yeye katoka wapi. Mpe pakavu, mpe upande wa joto na upande wa baridi, achague mwenyewe, mpe pa kujificha, na mfuniko uwe na komeo. Ukiona haendi vizuri usiongeze kile unachokipenda wewe, uliza mtu anayeishi nao.

Na jambo la mwisho, hili halipo kwenye vipimo. Kama kuna mtu nyumbani kwako anamwogopa nyoka wako vibaya sana, lakini kila asubuhi anasimama hatua tano na kuuliza kama amekula, mtazame vizuri huyo mtu. Hajaja kwa ajili ya nyoka.

Nimemaliza. Wenye uzoefu wa kufuga mnirekebishe nilipokosea, watani zangu wa Songea na wa ziwani najua mmeshakunja mikono, karibuni. Na kama na wewe uliwahi kudhani unamtunza mtu, kumbe mnatunzana, liandike hapa chini. Nitasoma moja moja.